Kumpima Chipukizi kwa Kumfananisha

Katika Fukayosi, kata iliyo kando ya barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata, mvulana wa kidato cha pili akirefuka ghafula kuwapita wenzake hakosi kupewa jina. Wazee watamwita mlingoti au mnazi. Vijana wenzake, tangu mwaka 2009, yamkini watamwita Hasheem. Na mwalimu wa michezo, anayetafuta wachezaji wa mpira wa kikapu kwa ajili ya mashindano ya UMISSETA, atamtazama kijana huyo kuanzia unyayo hadi utosi na kuanza kufikiri kwa njia ambayo hata mabingwa wa Marekani huitumia: huyu anafanana na nani?

Njia hiyo si ya kudharauliwa. Tabibu humlinganisha mgonjwa na wagonjwa aliokwisha kuwaona. Mkulima hulinganisha mawingu ya mwaka huu na ya miaka iliyopita. Katika miaka ya 1980 Mmarekani Bill James, aliyechunguza takwimu za mchezo wa besiboli, aliigeuza desturi hiyo ikawa hesabu: wachezaji wawili walipewa alama za kufanana, na kila tofauti baina yao ilipunguza alama hizo. Tangu hapo hesabu za namna hiyo zimeenea katika michezo mingi, na leo hufanywa kwa kompyuta. Kosa, basi, halimo katika kufananisha. Limo katika kumfananisha chipukizi na mtu mmoja tu, tena mtu aliyechaguliwa kwa sababu alifanikiwa.

Hakuna mfano ulio karibu na Mtanzania kuliko wa Hasheem Thabeet mwenyewe. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza mpira wa kikapu akiwa kijana wa miaka kama 15, akaenda Marekani na kuchezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia mwaka 2006 hadi 2009. Urefu wake, futi 7 na inchi 3, ni kama mita 2.21. Tarehe 25 Juni 2009, katika uteuzi wa kila mwaka ambao timu za ligi ya NBA hugawana chipukizi, alichaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili kati ya vijana 60, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo. Nyuma yake walibaki James Harden, aliyechaguliwa wa tatu, na Stephen Curry, wa saba.

Kabla ya siku hiyo jina lililotajwa mara kwa mara pamoja na lake lilikuwa la Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa. Ni nani asiyeona kwa nini? Wote wawili Waafrika. Wote warefu kupita kiasi. Wote wazuiaji wa mitupo. Vyuo vyao viwili, Georgetown na Connecticut, vilikuwa katika ligi moja ya vyuo. Hata tarehe zilifanya mzaha, kwani Thabeet alichaguliwa siku ambayo Mutombo alitimiza miaka 43, na Mutombo alikuwa ameacha kucheza majira hayohayo ya mwaka. Ilionekana kana kwamba kiti kimeachwa na mrithi amefika.

Takwimu nazo zilishawishi. Katika msimu wake wa mwisho chuoni, wa 1990–91, Mutombo alikuwa na wastani wa pointi 15.2 kwa mchezo, ribaundi 12.2, na mitupo 4.7 aliyoizuia. Thabeet, katika msimu wa 2008–09, alikuwa na pointi 13.6, ribaundi 10.8, na mitupo 4.2. Mwanafunzi na agawanye kila tarakimu ya Thabeet kwa mwenzake wa Mutombo. Atapata 0.89 katika safu zote tatu, akikadiria hadi nafasi mbili za desimali. Hesabu safi namna hii ni hatari. Inamfanya mtazamaji aamini kwamba mbele yake yuko Mutombo aliyepunguzwa sehemu moja ya kumi, na kwa kuwa Mutombo alipata mara nne tuzo ya mlinzi bora wa NBA, tisa ya kumi ya Mutombo ingekuwa mali kubwa sana.

Yaliyofuata yanajulikana. Thabeet alicheza NBA misimu mitano, katika Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, jumla ya michezo 224, kwa wastani wa pointi 2.2 na ribaundi 2.7. Mwezi Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, alipelekwa kwa muda katika timu ya ligi ya chini.

Sasa na ichunguzwe ile hesabu ya 0.89. Kwanza, ilikuwa na safu tatu tu. Haikuwa na safu ya umri: Mutombo aliingia NBA akiwa na miaka 25, Thabeet akiwa na miaka 22. Tofauti hiyo pekee ingeweza kusomwa kwa upande wowote. Mwenye matumaini angesema kijana bado anakua. Mwenye shaka angesema bado hajakomaa. Haikuwa na safu ya nguvu ya mwili. Tarehe 16 Februari 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22, Connecticut ilicheza na Pittsburgh, na DeJuan Blair, mwenye urefu wa mita 2 hivi, akapata pointi 22 na ribaundi 23 mbele ya mtu aliyemzidi urefu kwa karibu shubiri nzima. Mchezo mmoja si ushahidi wa kutosha kumhukumu mtu. Lakini ulikuwa unaeleza jambo ambalo zile safu tatu hazikulipima, nalo ni nani atamsukuma nani chini ya kikapu.

Pili, na hili ndilo kubwa, ilikuwa na jirani mmoja. Kumtafutia chipukizi jirani mmoja ni sawa na kupima mvua ya Bagamoyo kwa siku moja. Waulizwe wote wenye urefu wa mita 2.20 au zaidi waliokwisha kupita katika NBA, nao watajibu kwa sauti nyingi. Ralph Sampson, wa kwanza katika uteuzi wa 1983, alikuwa chipukizi bora wa mwaka wake, kisha magoti yakamwangusha. Rik Smits wa Uholanzi, wa pili mwaka 1988, alidumu misimu 12 katika timu moja. Shawn Bradley, wa pili mwaka 1993, naye alidumu misimu 12, akiwa mzuiaji hodari ingawa hakufikia sifa alizotabiriwa. Yao Ming wa China, wa kwanza mwaka 2002, alikuwa nyota mpaka miguu yake ilipokataa. Pavel Podkolzin wa Urusi alicheza michezo sita. Slavko Vraneš wa Montenegro alicheza mchezo mmoja.

Na yupo Mark Eaton, mwenye urefu wa mita 2.24. Chuoni UCLA alikaa zaidi kwenye benchi kuliko uwanjani. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa magari. Alichaguliwa mwaka 1982 katika duru ya nne, wakati ambapo watu wengi wamekwisha kuondoka ukumbini. Msimu wa 1984–85 alizuia wastani wa mitupo 5.6 kwa mchezo, kiwango ambacho hakuna aliyekipita, na alipata tuzo ya mlinzi bora mara mbili. Manute Bol, Mdinka kutoka nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, mwenye mita 2.31, alichaguliwa katika duru ya pili mwaka 1985 baada ya mwaka mmoja katika chuo kidogo cha Bridgeport, ambacho nacho kimo katika jimbo la Connecticut. Msimu wake wa kwanza alizuia mitupo mitano kwa mchezo. Hao wawili wasingeonekana kamwe katika orodha ya mtu anayetafuta Mutombo mwingine.

Ukiwaweka watu hawa wote juu ya mstari mmoja, unachokiona si utabiri bali ni mtawanyiko, na ni mpana sana. Jibu la kweli mwaka 2009 lingekuwa hivi: kijana huyu anaweza kuwa mlinzi mkuu wa ligi, anaweza kuwa mchezaji wa kawaida wa miaka 12, anaweza kuondoka mapema, na uwezekano wa mwisho si mdogo. Jibu kama hilo haliuzi gazeti wala halimpendezi mwenye timu. Lakini ndilo ambalo ushahidi uliruhusu.

Tatu, wanaofananisha aghalabu husahau sheria aliyoiona Francis Galton mwaka 1886, alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao 928 waliokwisha kukua. Wazazi waliouzidi wastani kwa inchi tatu walipata watoto wanaouzidi kwa inchi mbili hivi. Watoto walirudi kuelekea wastani, si kwa sababu ya ugonjwa wala laana, bali kwa sababu kila kipimo kilichopita kiasi kimebeba ndani yake sehemu ya bahati, na bahati hairithiwi. Vivyo hivyo, anayeteuliwa kwa kuwa wa juu kabisa miongoni mwa mamia ya wachezaji wa vyuo ameteuliwa pamoja na bahati yake: wapinzani wafupi, wenzake wazuri, mwaka mzuri. Akipanda ngazi, uwezo humfuata, na bahati hubaki chini.

Wilaya ya Bagamoyo yenyewe ina fundisho la namna hii, tena la shambani. Watafiti wa minazi, ambao wana kituo cha majaribio huko Chambezi, walipata kuona minazi chotara iliyosifika kwa mavuno katika Afrika Magharibi ikishindwa kustahimili ukame na ugonjwa wa pwani hii kama unavyostahimili mnazi mrefu wa Afrika Mashariki. Mbegu haikuwa mbovu. Ilipimwa mahali pengine.

Hapo ndipo inapofaa kumtetea Thabeet, maana hukumu ya vijiweni Dar es Salaam, kwamba alipewa nafasi akaichezea, ina kosa lilelile la kumpima kwa jina la mtu mwingine. Msimu wake wa kwanza alicheza wastani wa dakika 13 kwa mchezo, akazuia mitupo 1.3. Mutombo katika msimu wake wa kwanza alicheza dakika 38 na kuzuia mitupo 3.0. Vikigeuzwa vyote kuwa vya dakika 36, Thabeet anapata 3.6 na Mutombo 2.8. Kwa maneno mengine, lile moja alilosifiwa nalo chuoni alilifanya pia katika NBA. Pointi ndizo hazikuja: 8.6 kwa dakika 36, dhidi ya 15.6 za Mutombo. Ni kweli kwamba dakika 13 si sawa na dakika 38. Anayecheza kidogo hachoki, na mara nyingi hukutana na wachezaji wa akiba. Ni kweli pia kwamba madhambi yake yalikuwa mengi kiasi cha kumfupishia muda uwanjani. Lakini timu iliyomchukua ilikwisha kuwa na Marc Gasol katika nafasi ileile, na kijana aliyeuanza mchezo miaka saba tu kabla alihitaji muda kuliko kitu kingine chochote. Kumwita aliyeshindwa mtu aliyecheza michezo 224 katika ligi ambayo nchi yake haikuwa imepeleka hata mmoja ni kuchagua kipimo kibaya kwa makusudi.

Gharama ya kipimo kibaya haibaki Marekani. Shuleni, mwalimu akitafuta Hasheem mwingine atamwacha msichana mfupi mwenye mikono myepesi, na atamweka mvulana mrefu chini ya kikapu mwaka mzima asijifunze kudunda mpira wala kutupa. Mvulana huyo akishindwa ataambiwa ameupoteza urefu wake bure. Katika shule zenye mpira mmoja na uwanja wa udongo, makosa ya namna hiyo hayarekebishwi kwa urahisi, kwa sababu hakuna mwaka wa pili wa kujaribu.

Kazi inayowezekana ni ndogo, na somo la hisabati la kidato cha pili linatosha kuifanya. Daftari moja lifunguliwe kwa wachezaji wote, warefu na wafupi, wavulana na wasichana, pamoja na wale wanaoacha. Kila mmoja aandikiwe tarehe ya kuzaliwa, urefu kila muhula, dakika alizocheza, mitupo aliyotupa na iliyoingia, ribaundi, madhambi, na shule aliyopambana nayo. Akija chipukizi mpya, wanafunzi wamtafutie majirani watano au sita katika daftari, wa umri uleule, si mmoja, na waandike waliishia wapi wote. Miaka ya kwanza majirani watakuwa wachache na majibu yatakuwa dhaifu. Daftari lisitupwe mwalimu anapohamishwa. Likabidhiwe pamoja na mpira na filimbi, na safu ya mwisho iachwe wazi.