Mbolea ya ruzuku: Hesabu isiyoishia ghalani Trans Nzoia

Mvua ndefu zinapokaribia kila Machi, macho ya wakulima wa mahindi katika Kaunti ya Trans Nzoia huelekezwa kwenye maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB). Huko ndiko ruzuku ya serikali hugeuka kuwa mfuko wa mbolea, au hukosa kugeuka.

Bei yenyewe haina ubishi. Rais William Ruto alipoingia mamlakani Septemba 2022, mfuko wa kilo 50 ulipunguzwa kutoka Sh6,500 hadi Sh3,500, na mwaka wa 2023 ukashushwa tena hadi Sh2,500. Ni nafuu ambayo hakuna mkulima anayeweza kuibeza.

Hata hivyo, fedha za ruzuku hazipitii mikononi mwa mkulima. Yeye husajiliwa kupitia kwa chifu, ukubwa wa shamba lake ukaingizwa katika sajili ya kidijitali, kisha husubiri ujumbe wa simu unaomruhusu kununua mifuko kadhaa. Ujumbe ukichelewa, mvua haimngojei. Mahindi hutaka mbolea ya kupandia siku ile ile mbegu inapoingia udongoni, na anayechelewa hupoteza mavuno ambayo hakuna ruzuku itakayoyarudisha.

Kisha kuna suala la umbali. Mwenye ekari 50 hutuma lori mara moja, na gharama ya usafiri ikagawanyika kwa mifuko mingi. Mwenye ekari moja anahitaji mfuko wa kupandia na baadaye mwingine wa kukuzia. Hulipa nauli yake, ya mzigo na ya mpakizi, na akiambiwa shehena haijafika, hulipa tena siku nyingine. Haishangazi kwamba baadhi yao huishia katika duka la kijijini, wakanunua kwa bei ya soko, tena kwa kilo.

Sajili nayo ina kasoro yake. Trans Nzoia ni kaunti ya mashamba ya kukodi, na mpangaji huweza kulima Kwanza mwaka huu na Cherangany mwaka ujao. Daftari lisilohama naye humhesabu pasipo shamba, huku mwenye ardhi asiyeshika jembe akibaki kuwa mkulima katika kompyuta.

Lakini pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka wa 2024, ilipobainika kuwa baadhi ya mbolea iliyouzwa kupitia NCPB haikutimiza viwango vya ubora. Bunge la Taifa lilipitisha hoja ya kumtimua aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, ila kamati iliyochunguza madai dhidi yake ikamwondolea lawama mwezi Mei. Serikali iliahidi kuwafidia walioathirika. Fidia, lakini, ilikuwa ya mbolea; msimu haulipiki. Aliyepanda Machi kwa mbolea hafifu alikuwa tayari amelima, amenunua mbegu na kulipa vibarua.

Ugatuzi pia umeacha pengo. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti huduma za kilimo, sera ikabaki kwa serikali kuu. NCPB ni shirika la serikali kuu. Kwa hivyo mkulima anayekwenda kulalamika kwa gavana huelekezwa Nairobi, na wa Nairobi humrejesha kwa chifu.

Hata mbolea ikifika mapema, faida hutegemea bei ya mavuno. Mwaka wa 2018, NCPB ilipokuwa ikinunua gunia la kilo 90 kwa Sh3,200, wakulima wa Bonde la Ufa walilalamika kuwa wafanyabiashara walitangulia kuuza na kulipwa, huku wao wakisubiri malipo kwa miezi. Wengi waliishia kuwauzia madalali kwa bei ya hasara, maana karo ya Januari haikuweza kungoja hundi ya serikali.