Uchungu wa Mapema: Siku Mbili Zisipotee Nyumbani

Ndugu msomaji, tuchukue mfano wa mama mmoja katika kijiji cha milimani wilayani Kilolo, mkoani Iringa. Mimba yake ina miezi saba na ushei. Usiku tumbo linaanza kukaza na kuachia, kiuno kinamuuma, na kila baada ya dakika chache maumivu yanarudi. Mama mkwe anasema ni uchovu wa shamba. Apewe uji wa moto alale, kukipambazuka wataona. Mume naye anawaza nauli na barabara iliyoharibiwa na mvua. Hakuna kati yao mwenye nia mbaya. Hata hivyo, saa wanazozipoteza hapo huenda ndizo zitakazoamua uhai wa mtoto huyo.

Leo tunazungumzia dawa za kuchelewesha uchungu unaokuja kabla mimba haijatimiza majuma 37. Wapo akina mama wanaoamini kwamba iko dawa ya kuuzima uchungu kabisa, mimba ikaendelea salama hadi miezi tisa. Dawa ya hakika ya namna hiyo haijapatikana. Zilizopo kazi yake ni kuahirisha, mara nyingi kwa siku mbili, pengine juma moja.

Katika miaka ya 1960 na 1970 baadhi ya madaktari wa nchi za nje walifikia hata kumtilia mama pombe kwa dripu ili mji wa mimba utulie. Njia hiyo iliachwa kwa sababu ya madhara yake. Zikafuata dawa za jamii ya salbutamoli, ambayo wengi wetu twaijua kuwa ni dawa ya pumu. Hulegeza misuli ya mji wa mimba kama inavyolegeza njia za hewa, lakini huufanya moyo wa mama uende mbio, mikono itetemeke, na mara nyingine maji hujaa mapafuni. Indomethasini, dawa ya maumivu, nayo hutuliza uchungu. Ila yaweza kuubana mapema mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto, na kwa hiyo huepukwa mimba ikizidi majuma 32. Magnesia salfeti, iliyookoa akina mama wengi wenye kifafa cha mimba, siku hizi inathaminiwa zaidi kwa kuukinga ubongo wa mtoto anayekaribia kuzaliwa mapema mno. Atosibani, itumikayo Ulaya, haimsumbui mama sana, lakini bei yake ni kubwa. Imebaki nifedipini, dawa ya shinikizo la damu: ni ya kumeza na bei yake ni nafuu, ingawa huweza kuleta maumivu ya kichwa, joto usoni na shinikizo kushuka.

Ipi bora? Mwaka 1922 swali hili lisingekuwa na jibu. Mwaka 2022 watafiti waliyapima pamoja majaribio 122 yaliyowahusu wanawake 13,697. Walikuta kwamba dawa za jamii zote zaelekea kuahirisha uzazi, na kwamba za jamii ya salbutamoli ni miongoni mwa zile zilizowalazimu akina mama wengi zaidi kuacha matibabu kwa sababu ya madhara. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2015 halikupendekeza dawa hizi kwa manufaa ya mtoto, lilikubali nifedipini itumike, kwa masharti.

Siku mbili zina faida gani? Mwaka 1972, huko New Zealand, madaktari Liggins na Howie walitangaza kwamba mama akichomwa sindano za dawa ya jamii ya kotikosteroidi kabla ya kujifungua mapema, mapafu ya mtoto hukomaa upesi. Mwaka 2020 matokeo ya jaribio la deksamethasoni lililofanywa katika nchi tano, jirani zetu Kenya wakiwamo, yalionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga vilipungua kutoka 23.5 hadi 19.6 katika kila 100. Sindano hizo zahitaji muda ili zifanye kazi, na mama naye ahitaji muda wa kufika penye wataalamu. Muda huo ndio unaotafutwa kwa nifedipini.

Kwa sababu hiyo, vidonge hivi visinunuliwe dukani na kumezwa nyumbani. Mama akiwa anatokwa damu, ana homa ya maambukizi, au ana dalili za kifafa cha mimba, kuuchelewesha uchungu kwaweza kumwangamiza. Ni mganga atakayepima na kuamua, na kadi ya kliniki itamsaidia kuujua umri wa mimba.

Basi tumbo likikaza kwa mpangilio, chupa ikipasuka, au damu ikionekana kabla ya wakati, safari ianze saa ile ile. Aliye Chunya au Rungwe, Kilolo au Mufindi, aende kituo kilicho karibu ili apewe rufaa mapema kwenda penye huduma ya watoto njiti, kama vile hospitali ya wazazi ya Meta jijini Mbeya au hospitali ya rufaa ya mkoa wa Iringa. Mpango wa usafiri wa dharura wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, hupigiwa simu namba 115 bila malipo.

Na mtoto akizaliwa njiti, abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, ambao Tanzania ilishiriki, ulionyesha kwamba kuwabeba hivyo mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa robo. Katika baridi ya nyanda zetu za juu, kifua cha mama ni kinga kubwa.

Ninyi akina baba na akina mama wakwe, uamuzi wa usiku ule uko mikononi mwenu. Nauli iwekwe kando tangu mwezi wa sita wa mimba, na neno "tungoje asubuhi" lisitamkwe tena.