Maiti Hana Chama

Wapo wanaodai kuwa kuchekesha mbele ya maiti ni utovu wa adabu. Hasha! Nimesoma The Coroner's Lunch (2004), riwaya ya Colin Cotterill, nami nasema kicheko chake ni ushahidi. Ni Laos, 1976. Wakomunisti walishika nchi mwaka uliotangulia. Dakta Siri, mzee wa miaka 72, anataka kustaafu. Wapi! Anatwishwa kazi ya kupasua maiti, asiyoisomea. Anakufa mke wa kiongozi; wakubwa wanataka faili lifungwe upesi. Mzee hapigi kelele: anatania, huku akiendelea kuchunguza. Basi nani hana adabu, anayecheka au anayemlazimisha hata maiti kusema "ndiyo"?