Vanishi ya Kupuliza na Ufa wa Mguu wa Meza



Dada yetu mmoja aishiye Githongo, Meru, ametuandikia. Yeye na mumewe wanarejea Mombasa baada ya Idi, nao wanataka kuuza meza yao ya mbao za muuru, mti wa asili wa miteremko ya Mlima Kenya. Uso wa meza umekwaruzika, na mguu mmoja una ufa. Fundi amemwambia: "Mama, nitaipuliza vanishi, na hakuna atakayejua." Dada anauliza namna ya kupuliza mwenyewe ili apunguze gharama, na iwapo pana ubaya wowote.

Tuanze na kazi yenyewe. Ondoa vumbi na mafuta, kisha piga msasa laini, namba 240, ukifuata mkondo wa nyuzi za mbao. Pangusa kwa kitambaa kikavu, maana vumbi lililosalia hugeuka chembe chini ya vanishi. Tikisa kopo vyema, ulishike kama sentimita 25 kutoka mezani, uanze kupuliza nje kidogo ya ukingo mmoja na umalizie nje ya ukingo wa pili. Tabaka tatu nyembamba hushinda moja nzito, kwani nzito hutiririka kama machozi. Kila tabaka ikauke kabla ya kufuatiwa na nyingine.

Asubuhi za Githongo zina baridi na ukungu. Vanishi inapokauka huupoza uso wa mbao, unyevu wa hewa ukatua juu yake, na rangi ikawa nyeupe kama maziwa. Subiri jua la adhuhuri. Nasi wa Pwani tujihadhari vivyo hivyo msimu wa mvua. Pulizia nje, mbali na jiko, kwani mvuke wake hushika moto upesi. Wajawazito na watoto wasikaribie.

Ama ubaya, dada, haumo katika vanishi. Kupamba mali yako ni halali, na mkwaruzo uliosawazishwa kwa msasa umekwisha kweli. Lakini vanishi haiungi mbao. Ufa umefunikwa tu. Abu Hurayra (r.a.) amesimulia, katika Sahih Muslim, kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu ili watu wakione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi.

Basi seremala aunge ufa kwanza kwa gundi, aubane hadi ukauke, ndipo upulize. Akija mnunuzi, mwonyeshe mguu ule na umweleze ulivyokuwa. Huenda bei ikashuka. Lakini kumbuka kwamba juu ya meza ile itatuliwa sufuria ya uji wa moto, na watoto wa mwenzio wataketi kuizunguka.

Wabillahi tawfiq.