Kabla Hujataja Bei ya Skima, Uliza Tangi ni Lita Ngapi

Wadau wa biashara za mtandaoni, leo tuongee kuhusu bidhaa ambayo wengi wanaipandisha status bila kujua inafanya kazi gani: skima ya protini, kile kifaa cha kusafisha maji ya chumvi kwenye tangi la samaki.

Msimamo wangu ni huu: muuzaji anayetaja bei kabla ya kuuliza ukubwa wa tangi anabahatisha tu. Na wanaolipia kubahatisha huko ni mteja, samaki wake, na jina lako wewe muuzaji. Sisi tunaouzia Lushoto ndiyo tunaumia zaidi, maana mzigo ukirudi ni nauli ya basi mara mbili, mlima mzima mpaka Mombo na kuendelea.

KWANZA UJUE UNACHOUZA

Ukichemsha maharage, povu linapanda juu na mpishi analitoa kwa upawa. Skima inafanya kazi hiyo hiyo. Mabaki ya chakula, kinyesi na ute wa samaki vinaacha ndani ya maji vitu vinavyonata pale maji yanapokutana na hewa. Skima inachanganya maji na mapovu madogo sana, uchafu unanata kwenye mapovu, povu linapanda shingoni na kumwagikia kwenye kikombe. Mteja anamwaga kikombe, basi. Uzuri wake ni kwamba uchafu unatoka kabla haujaoza ndani ya tangi.

Ila mapovu hayo madogo yanakaa vizuri kwenye maji ya chumvi. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mapovu yanaungana, yanakuwa makubwa na kupasuka haraka. Kwa hiyo mteja mwenye samaki wa dhahabu, au wale samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa na Tanganyika, hahitaji skima. Muuzie chujio la kawaida. Ukimuuzia skima umempiga, hata kama hukukusudia.

NAMBA YA BOKSI NI LUMBESA KINYUME

Anayenunua kabichi na viazi Lushoto anaijua lumbesa: gunia lina jina moja, lakini ndani limebeba zaidi ya jina. Kwenye skima mambo yamegeuka. Boksi limeandikwa lita 400, lakini mara nyingi namba hiyo ni ya tangi lenye samaki wachache wasiokula sana. Tangi likijaa samaki, kifaa hicho hicho kinatosha maji machache zaidi. Baadhi ya maboksi yanataja namba mbili au tatu kulingana na wingi wa samaki. Ukikuta namba moja tu, ichukulie kuwa ni ya samaki wachache.

Halafu kuna galoni. Vifaa vingi vinaandikwa kwa galoni, na galoni ya Marekani ni lita 3.8 hivi. Huku kwetu mtu akisikia galoni anafikiria dumu la lita 5 au la 20. Galoni 100 za kwenye boksi ni kama lita 380, siyo lita 2,000! Badilisha iwe lita kabla hujaandika tangazo.

HESABU YENYEWE

Mteja anakwambia tangi lake lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Zidisha zote, gawa kwa 1,000, unapata lita 300. Lakini hizo siyo lita za maji. Maji hayafiki ukingoni. Akiacha sentimita 5 juu zinabaki 270. Mawe na mchanga vinaweza kula tena 30 au 40. Kama ana tangi la pili la chini lenye maji lita 50, ziongeze. Unafika kama lita 280 hivi. Hiyo ndiyo namba ya kufanyia kazi.

Sasa uliza samaki. Kama ni wachache na wadogo, mimi ningempa skima iliyoandikwa lita 300 mpaka 400. Kama ni wengi, wakubwa, wanaolishwa vipande vya samaki na kamba kila siku, ningempa ya 500 mpaka 600.

"Si nimuuzie kubwa kabisa, awe salama na mimi nipate faida?" Hapana. Skima ya lita 1,500 kwenye tangi hili inakosa uchafu wa kutosha kujenga povu. Povu linapanda kidogo, linakatika shingoni, kikombe kinabaki kikavu, na mteja anakwambia umemuuzia kibovu. Juu ya hapo umeme. Pampu ya wati 15 ikiwaka usiku na mchana inakula uniti 11 hivi kwa mwezi. Ya wati 40 inakula karibu 29. Anayelipa LUKU ni yeye, na kila akinunua umeme atakukumbuka.

WATEJA WA HUKU JUU

Kwa mteja wa Lushoto, Mlalo au Bumbuli, usimfananishe na wa Tanga mjini. Wa Tanga bahari iko karibu. Wa huku, lita 200 za maji ya bahari ni kilo 205 za kupandishwa mlimani. Akitengeneza mwenyewe nyumbani, lita 200 zinahitaji kama kilo 7 za chumvi maalumu ya akwariamu; ya jikoni haifai. Kwa hiyo kubadilisha maji kwake ni gharama, na skima yenye ukubwa sahihi inamsaidia yale maji yakae safi muda mrefu zaidi. Haimwondolei kabisa kazi ya kubadilisha, mwambie ukweli. Na baridi ya mwezi wa saba ya huku inamaanisha atahitaji pia kifaa cha kupasha maji, kwa sababu samaki wa matumbawe wanataka nyuzi 24 mpaka 27 hivi. Hiyo nayo ni mauzo halali, mteja anakihitaji kweli.

MWAMBIE HAYA KABLA HAJALALAMIKA

1. Skima mpya haitoi povu zuri siku ya kwanza. Inaweza kuchukua siku kadhaa, hata wiki moja au mbili, mpaka itulie. Malalamiko mengi ya "kibovu hiki" yanakuja ndani ya muda huo.

2. Sabuni au mafuta ya mikono yakiingia kwenye maji, povu linavurugika. Asuuze mikono vizuri kwa maji matupu kwanza.

3. Umeme ukikatika, maji yaliyomo kwenye skima yanarudi kwenye tangi la chini. Aache nafasi, la sivyo yatamwagika sakafuni.

4. Apime kabati lake kwanza. Kuna skima inayofaa kwa lita lakini haiingii kwa kimo, na kikombe kinahitaji nafasi ya kutolewa kwa juu.

Najua mtaniambia wateja wanakimbia wakiulizwa maswali mengi, wao wanataka bei tu. Ni kweli wapo. Lakini mtu aliyejenga tangi la maji ya chumvi ameshatumia hela nyingi, na ana viumbe hai wanaomtegemea. Huyo anatafuta mtu anayejua. Ukimuuliza maswali manne anakuona fundi, na kesho akitaka taa, pampu au chumvi, anarudi kwako. Anayetaka bei tu atakwenda kwa mwenye bei ya chini hata ungefanyaje.

Nakili ujumbe huu, uweke kwenye majibu yako ya haraka WhatsApp:

"Karibu sana. Ili nikupe skima inayokufaa, nisaidie haya: maji ni ya chumvi au baridi? Tangi lina urefu, upana na kimo gani? Una samaki wangapi na unawalisha nini? Nafasi ya kuweka skima ina kimo gani? Ukinijibu nakutumia bei ya kifaa kinachokutosha."

Na kama majibu yanaonyesha hahitaji skima, mwambie hivyo hivyo. Utakosa mauzo ya leo, lakini hautapokea kifurushi kinachorudi.

Una mteja mwenye tangi na hujui umpe saizi gani? Andika vipimo hapa chini tupige hesabu pamoja. Na mtumie muuzaji mwenzako anayeuza vifaa vya samaki.