Mzazi, Shanghai Haiuzwi kwa Wiki Nane

Kijana kavaa suti, anatabasamu, nyuma yake imesimama minara ya Lujiazui, Shanghai. Vipeperushi vya namna hii huzagaa vyuoni kila mwaka kabla ya likizo ndefu: wiki nane za mafunzo tarajali mjini humo, kwenye kampuni ya fedha, ya masoko au ya teknolojia, pamoja na chumba cha kulala, ziara ya mwisho wa wiki na cheti. Soko kubwa la mipango hii ni Wamarekani na Waingereza, lakini siku hizi nawasikia hata wazazi wa kwetu wakiulizia bei. Wakishatajiwa wanaguna, kisha wanajifariji: si hasara, mtoto atarudi anaijua China, na milango itafunguka.

Harudi akiijua China, na sijui ni milango ipi hiyo.

Tuanze na pesa, maana hapo ndipo ajabu ilipo. Tangu lini mfanyakazi akalipia kazi? Kuanzia Julai 2023, kima cha chini cha mshahara mjini Shanghai kilikuwa yuani 2,690 kwa mwezi, takriban dola 370. Wakala akikutajia dola 4,000, bila nauli ya ndege, amekutajia ujira wa karibu miezi kumi na moja wa mtu anayedeki ofisi ambayo mwanao atakwenda kujifunzia. Kwa fedha hiyo mwanao anapewa kiti, kompyuta na msimamizi mwenye shughuli nyingi ambaye hakumwomba. Kampuni ikimhitaji mtu humlipa. Ikilipwa ili imkalishe, basi huyo ni mteja, na mteja hapewi kazi inayoweza kuharibika.

Wanaotetea mipango hii wana jibu: kijana anapata mazingira, anawaona Wachina wakifanya kazi. Anaona nini hasa? Vikao ni vya Kichina. Maagizo ya bosi yanapita kwenye makundi ya WeChat, kwa Kichina, usiku na mchana. Mgeni wetu anapewa kazi isiyohitaji kujua kinachoendelea: kunyoosha Kiingereza cha tovuti, kupamba slaidi, kutafuta kwenye intaneti majina ya wateja wa Ulaya. Na siku ya uzinduzi wa bidhaa husogezwa mbele ili apigwe picha, kampuni ionekane ya kimataifa. Jioni anaondoka na wageni wenzake kwenda kula, na ofisi nyuma yake bado ina watu. Ule utaratibu wa saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki, ambao Mahakama Kuu ya Watu ya China ilitamka Agosti 2021 kuwa ni kinyume cha sheria, yeye atausoma kwenye magazeti kama mimi na wewe.

Kinachonikera zaidi ni jinsi vipeperushi vinavyokaa kimya kuhusu wenyeji. Mwaka 2023 vyuo vya China vilitoa wahitimu milioni 11.58. Juni ya mwaka huo, ukosefu wa ajira mijini kwa vijana wa miaka 16 hadi 24 ulifika asilimia 21.3, na mwezi wa Agosti Idara ya Takwimu ikaacha kabisa kuchapisha kiwango hicho, hadi ilipokirejesha Januari 2024 kwa hesabu mpya isiyowaingiza wanafunzi. Nafasi ya mafunzo katika benki ya Pudong, hukohuko Shanghai, inagombewa na wasichana na wavulana waliopita kwenye tundu la sindano la mtihani wa taifa, wanaoongea Kichina tangu utotoni na Kiingereza cha kutosha. Baadhi yao nao wameangukia kwa mawakala wa kununua nafasi, jambo ambalo China kwenyewe limelalamikiwa sana. Katika foleni hiyo, ni kampuni gani itakayomwachia mgeni wa wiki nane kazi yenye uzito?

Serikali nazo zimeichochea imani hii kwamba safari fupi inatosha kuijua China, kwa sababu takwimu kubwa hupendeza kwenye hotuba. Mwaka 2009 Barack Obama alipozuru China ilitangazwa nia ya kuwapeleka Wamarekani 100,000 kusoma huko kwa miaka minne. Novemba 2023, mjini San Francisco, Xi Jinping alialika vijana wa Kimarekani 50,000 kwa miaka mitano. Wanahesabiwa vichwa. Muda waliokaa na walichoweza kukifanya baada ya kurudi havisikiki kwenye hotuba hizo.

Wachina wenyewe hawafanyi hivyo wanapotaka kutujua sisi. Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Leo Kiswahili ni shahada ya miaka minne Beijing, na ndiyo maana unaweza kukutana na Mchina Dar es Salaam akakutania kwa Kiswahili, ukakosa la kujibu. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani imewahi kukadiria saa 900 hivi za darasani kwa Kiswahili na 2,200 kwa Kichina. Zigawe hizo kwa likizo moja, uone kama mtoto atapata hata muda wa kulala.

Kisha iko sheria, ambayo mawakala huipitia mbio mbio. Sheria ya kuingia na kutoka China, inayotumika tangu Julai 2013, inamtoza mgeni anayefanya kazi bila ruhusa faini ya yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa kubwa anawekwa ndani siku tano hadi kumi na tano. Hata mwanafunzi anayesoma China kihalali akitaka mafunzo nje ya chuo anahitaji idhini ya chuo na maandishi ya uhamiaji kwenye kibali chake cha ukaazi. Viza ya L ni ya utalii. Wakala akikuambia ingia nayo, ukifika tutarekebisha, atakayesimama mbele ya polisi ni mwanao. Wakala atakuwa kashahesabu kamisheni.

Nikisema haya naambiwa nawakatisha vijana tamaa wasiende China. Waende! Mwaka 2018 kulikuwa na wanafunzi 81,562 wa Kiafrika huko, na wengi wao walikaa miaka: wakafeli mitihani ya lugha, wakarudia, wakapata marafiki wa kugombana nao kwa Kichina. Anayesoma chuo kama Fudan au Tongji, akapata idhini na kuingia kampuni kwa msimu mmoja, anavuna, kwa kuwa anaelewa kinachosemwa kikaoni. Tangu 2017 aliyemaliza shahada ya uzamili China, akiwa na alama nzuri, anaweza kuombewa kibali cha kazi bila kudaiwa ile miaka miwili ya uzoefu. Hakuna kipengele cha cheti cha wiki nane.

Au mtazame mama wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou na Yiwu. Hajawahi kuitwa mwanatarajali na hana cheti cha kutundika. Lakini anajua kiwanda kipi kinabadilisha kitambaa baada ya sampuli, wakala gani wa usafirishaji anaongeza ujazo wa katoni, na bei ipi ni ya kumtisha mgeni tu. Amejua hayo kwa sababu fedha iliyokuwa mezani ni yake na ikipotea imepotea. Ukitaka mwanao aione China ikifanya kazi, ningekushauri umwombee huyo mama amchukue safari moja, abebe kalamu na daftari la mahesabu.

Kama bado una dola 4,000 na zinakuwasha, mpigie wakala kabla ya kutuma hata senti. Muulize ni viza ya aina gani, na barua ya mwaliko inatiwa saini na kampuni ipi. Omba jina la msimamizi na namba yake ya ofisini, halafu uliza vikao vya timu hiyo vinaendeshwa kwa lugha gani. Mwisho muulize mwaka jana kampuni hiyo ilimwajiri nani kati ya waliolipa. Ukisikia anaanza kukueleza kuhusu ziara ya Hangzhou, kata simu.