Hati ya Bima Haiwi Badala ya Mafunzo: Fundisho Kutoka kwa Waunda Ndege wa Marekani

Tarehe 22 Oktoba 2025 sehemu ya kwanza ya kanuni mpya za urubani ilianza kutumika nchini Marekani. Kwa kanuni hizo, mtu mwenye leseni ndogo ya urubani, ambayo huweza kupatikana kwa saa 20 tu za kuruka, aruhusiwa kurusha ndege nyingi ambazo zamani alikatazwa. Sharti ni kwamba ndege isiwe na viti zaidi ya vinne, na kasi ya chini kabisa ambayo mabawa bado yaweza kuibeba isipite kilomita 109 hivi kwa saa. Kwa safari za mchana halazimiki hata kuwa na hati ya daktari wa marubani. Leseni yake ya gari yatosha. Miongoni mwa ndege zilizofunguliwa mlango huo zimo nyingi zilizoundwa na watu binafsi, majumbani mwao.

Huenda askari aliye kambini au kituoni akauliza: jambo hili la watu wenye fedha zao latuhusu nini? Twajibu kwamba latuhusu, kwa sababu swali lililomo ndani yake ndilo linalomkabili kila kamanda: mtu akabidhiwapo chombo cha hatari, ni nani atakayehakikisha kwamba amefunzwa kukitumia?

Uundaji wa ndege majumbani si mchezo wa jana. Mwaka 1953 Paul Poberezny, rubani wa kijeshi wa jimbo la Wisconsin, aliwakusanya wapenzi wa kazi hiyo mjini Milwaukee wakaanzisha chama chao, ambacho leo huwakutanisha watu wengi kila mwaka mjini Oshkosh. Sheria ya Marekani yataka zaidi ya nusu ya kazi ya kuiunda ndege ifanywe na watu wanaoifanya kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha. Ikiisha kukaguliwa, ndege hupewa hati ya majaribio. Kisha, kwa kawaida, hurushwa saa 25 au 40 katika eneo lililowekewa mipaka, bila abiria.

Basi na tutazame hatari ilipo. Mwaka 2012 Halmashauri ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilitoa uchunguzi wake juu ya ndege hizo. Ilionekana kwamba zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege zote ndogo za nchi hiyo, lakini katika mwaka 2011 zilihusika katika asilimia 15 hivi ya ajali zote, na asilimia 21 ya ajali zilizoua. Wengi wangedhani kwamba mabawa yaliyoundwa gereji ndiyo yaliyovunjika. La, sivyo. Sababu kubwa zilikuwa mbili: injini kushindwa kazi, na rubani kushindwa kuitawala ndege. Zaidi ya nusu ya ndege zilizopata ajali mwaka huo zilikuwa zimenunuliwa kutoka kwa wenye kuziunda au kutoka kwa wamiliki wengine. Maana yake ni kwamba ndege ilihama mikono, bali ujuzi wa aliyeiunda haukuhama nayo.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa mwimbaji John Denver, aliyekufa tarehe 12 Oktoba 1997 katika ghuba ya Monterey, California. Hakuwa mgeni wa anga. Alikuwa na saa zaidi ya 2,700 za urubani. Lakini ndege ile ya aina ya Long-EZ, iliyoundwa na mtu mwingine, alikuwa ndiyo kwanza ameinunua. Aliyeiunda alikuwa ameuweka mkono wa kubadilishia matangi ya mafuta nyuma ya bega la kushoto la rubani, mahali ambapo michoro ya asili haikuuweka, na haukuwa na alama. Wachunguzi walieleza kwamba rubani alipojigeuza kuushika mkono huo, alikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, na ndege ikamshinda. Walitaja pia kwamba hakuongeza mafuta kabla ya kuruka, na kwamba mafunzo yake ya kuizoea ndege hiyo hayakutosha. Saa elfu mbili na ushei katika ndege nyingine hazikumwokoa katika ndege hii moja.

Hapo ndipo kampuni za bima zinapoingia. Hapa Uganda askari wa usalama barabarani ajua vema kwamba gari haliruhusiwi barabarani bila bima ya kuwafidia watu wengine. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 785 ya mwaka 2004 yawataka wenye ndege wakate bima ya namna hiyo. Lakini sheria kuu ya Marekani haimlazimishi mwenye ndege yake binafsi kufanya hivyo. Mwenye kutaka bima huikata kwa hiari, au kwa kuwa aliyemkopesha fedha, au wenye kiwanja anakoiweka ndege, wamemtaka aikate.

Mwenye kampuni ya bima huuliza mambo ambayo serikali imeyaacha. Nani atairusha? Ana saa ngapi katika ndege ya aina hii hasa? Kwa hiyo mkataba huwataja marubani kwa majina, na mara nyingi humtaka mwenye ndege aruke kwanza saa kadhaa pamoja na mwalimu aijuaye aina hiyo kabla ya kuruka peke yake. Akivunja sharti hilo na ndege ikaanguka, kampuni yaweza kukataa kulipa. Hapana shaka sharti hili limewapeleka kwa walimu watu ambao kiburi kingewazuia.

Hata hivyo, twaonya kwamba bima si mlinzi wa kutosha. Kampuni hulinda mfuko wake kwanza. Asiyeipenda gharama yake aweza kuruka bila bima kabisa, na ndege yake ikiangukia nyumba ya jirani, jirani huyo ndiye atakayebaki na hasara. Na hata fidia ilipwe yote, haimrudishi marehemu.

Tena serikali yenyewe yaweza kuyafunga mafunzo inayoyataka. Aprili 2021 mahakama ya rufani mjini Washington iliamua kesi iliyohusu mafunzo ya kulipia katika ndege ya zamani ya kivita ya aina ya P-40. Kutokana na hukumu hiyo, Idara ya Usafiri wa Anga ilitangaza mwezi Julai kwamba hata mtu anayemlipa mwalimu amfundishe katika ndege ya majaribio iliyo yake mwenyewe lazima apate barua ya ruhusa. Bima yasema nenda kafunzwe. Idara yasema ngoja barua! Kikwazo hicho kiliondolewa na Bunge Desemba 2022, kwa kifungu kilichotiwa ndani ya sheria ya ulinzi wa taifa. Hatua ya busara zaidi ilikuwa imechukuliwa mwaka 2014, iliporuhusiwa rubani wa pili mwenye ujuzi apande pamoja na mwenye ndege katika saa za majaribio, ambazo kabla ya hapo rubani alizikabili peke yake.

Kwa maoni yetu, kila mmoja ana zamu yake. Serikali ifungue njia ya mafunzo kabla ya kufungua mlango wa leseni. Kampuni ya bima itake ushahidi wa mafunzo hayo. Na mwenye chombo ajilazimishe mwenyewe hata pale ambapo hakuna amlazimishaye. Katika vikosi vyetu, aliyezoea bunduki ya aina moja hakabidhiwi nyingine mpaka aonyeshwe usalama wake uko wapi, wala dereva wa gari dogo hapewi lori la kubeba askari kwa sababu tu ana leseni mfukoni. Amri hizo huwachosha vijana wengine. Na wazikumbuke watakapokuwa nje ya kambi, juu ya pikipiki au nyuma ya usukani wa gari la kuazima, ambako hakuna sajini wa kuwauliza kama wamelijua vema.